Pumzi ya Minza

Uwanja wa Mayunga ulikuwa umefagiliwa. Mistari ya ufagio ilionekana juu ya mchanga tangu kwenye ua wa minyaa hadi mlangoni pa jiko, imelala sawasawa kama nywele zilizochanwa. Juu yake zilikuwapo nyayo za aina mbili tu. Za kwanza ni za mtu mwenye viatu, aliyetoka kisha akarudi. Za pili ni za mtoto asiye na viatu, aliyetoka mbio na hakurudi.

Sajenti Januarius alisimama langoni, baiskeli imemwegemea kiunoni, akautazama mchanga ule kwa muda mrefu. Miaka yote ya kazi yake ya upelelezi Bariadi, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa bado ya mkoa wa Shinyanga, alikuwa na ugomvi mmoja na vijiji: penye mauaji, kabla hajafika, kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kukanyaga kila kitu. Aliwasihi, aliwafokea, aliwaeleza mikutanoni kama watoto wa darasa la kwanza, na bado walikanyaga. Leo uwanja ulikuwa safi, na usafi ule ulimsisimua mwili.

"Hatimaye somo limewaingia, Afande," alisema Konstebo Constantine akijipangusa jasho. Alikuwa kijana wa Bukoba, mgeni katika nchi ile, na mzaha ndio uliokuwa fimbo yake ya kutembelea.

"Halijawaingia," alisema Januarius. "Hawakuja."

Asiyeijua nchi ya Wasukuma na aelezwe. Mtu akipatwa na hatari hupiga mwano, yaani yowe refu la kuomba watu. Anayelisikia huacha alichoshika, awe anakula au anakamua, huchukua rungu au mkuki akakimbia kule sauti ilikotoka, na huku akikimbia hulipokea yowe lile kwa kinywa chake na kulisukuma mbele, hata kijiji kizima kikawa njiani. Asiyeitika mwano hutozwa ng'ombe na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Akirudia, hutengwa: hapewi moto, hasalimiwi, na msiba wake hauendewi. Hakuna anayeuzoea mwano, wala hakuna anayeuacha upite.

Minza, mke wa Mayunga, alikuwa amelala jikoni kando ya mafiga. Mchi wa kutwangia ulikuwa umetupwa nyuma ya kinu. Sufuria ya maziwa ilikuwa bado juu ya mafiga. Maziwa yalikuwa yamefura, yakamwagika, yakashika chini na kuwa meusi, na harufu yake ilikuwa imeganda ukutani. Januarius alichora mchoro wa mahali pale, akapima kwa kamba, akaufunga mchi kwenye gunia. Aliifanya kazi ile bila haraka, kama mtu anayekunja nguo za marehemu mwingine, na mwingine, na mwingine kabla ya huyo.

Mayunga aliketi barazani pa nyumba yake mpya ya mabati. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba, yeye alikuwa wakala wa mmoja wao, na radio kaseti yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote upande ule wa Dutwa. Mwenyewe ndiye aliyetuma habari polisi asubuhi ile, kwa kumwita dereva wa lori la pamba kutoka barazani.

"Mwangaluka, Afande."

"Mwangaluka. Pole na msiba."

"Jini limemmaliza mke wangu. Uliza kijiji kizima. Wote wanajua alikuwa nalo."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Senta, kwenye pombe. Tangu mchana. Nikarudi usiku nikamkuta hivyo."

"Ulipiga mwano?"

"Sauti ilinikauka."

"Na yeye, alipiga?"

"Sikusikia. Si nimesema nilikuwa senta?"

Januarius alitazama viatu vyake, kisha akatazama nyayo mchangani. Zilitoka kwanza, ndipo zikarudi. Mwenye nyayo zile alikuwapo nyumbani baada ya Minza kufagia uwanja jioni. Alizichora nazo, ingawa alijua kwamba upepo wa mchana ungezifuta na hakimu hangeziona kamwe.

Kwandu, binti wa Minza, msichana wa darasa la pili, alikuwa kwa jirani, nyumbani kwa Bundala, kamanda wa sungusungu wa kijiji. Januarius alichuchumaa mbele yake mpaka macho yao yakalingana.

"Kwandu, ng'wanawane, mwanangu, niambie ulichokiona. Usiniambie ulichoambiwa."

Mtoto alisema bila kulia, kama anayesoma ubaoni. "Mama alikuwa anachemsha maziwa. Baba akasema mama anampa aibu. Akachukua mchi. Mama akapiga mwano. Akapiga tena. Halafu akavuta pumzi, apige tena." Kifua chake kidogo kilikuwa kimejaa hewa, na ilichukua muda kabla hajaitoa. "Hakupiga," akasema. "Mimi nikakimbia."

Januarius aliwauliza majirani, mlango kwa mlango. Bundala, mzee mrefu mwenye mkono mmoja uliokakamaa, alisema, "Sikusikia." Milembe, mke wake, alisema, "Sikusikia, baba. Mtoto alikuja kulala tu, kama alivyozoea." Nyumba ya pili hawakusikia. Ya tatu hawakusikia. Nyumba zilikaribiana kiasi kwamba mtu angeweza kumwomba mwenzake chumvi bila kutoka nje, na mauaji yalitokea watu wakiwa wanakula. Na kila mmoja, akisema "sikusikia", alitupia jicho mlango wa jiko lake.

Jioni ile, kituoni Bariadi, akiwa amekwisha kumtia Mayunga mahabusu, Januarius aliandika maelezo yake kwa mwandiko mzuri. Akaandika: Hakuna jirani aliyesikia kelele yoyote. Akatia sahihi yake chini, kama kazi ilivyotaka, akaenda nyumbani.

"Mama Masalu, maziwa yanaungua," alisema alipokuwa akivua viatu.

Elina, mke wake, alitokeza kichwa toka jikoni. "Maziwa yapi? Leo muuza maziwa hakupita."

Januarius alinusa tena. Harufu ilikuwa imekwisha kwenda. Akajiambia ni nguo zake.

*

Mwendesha mashtaka alilifungua jalada, akalisoma, akalifunga.

"Mtoto umri huu, peke yake, sheria hainiruhusu," alisema. "Nipe mtu mzima mmoja wa kumuunga mkono. Mmoja tu, aliyesikia."

"Wote walisikia."

"Mbona wewe mwenyewe umeandika hawakusikia?"

Januarius alilivuta jalada kwake.

"Hakimu ametoa mpaka Jumatatu," aliendelea mwendesha mashtaka. "Baada ya hapo Mayunga anakwenda nyumbani. Na mtoto anakwenda na baba yake. Ng'ombe wa mahari walitoka, mtoto ni wake. Hilo hata wewe hulibadilishi."

Januarius alimpitia Mayunga mahabusu. Mtu yule alikwisha kusomewa maelezo ya binti yake, na sasa aliyazungumzia kwa upole, mikono imekumbatia nondo.

"Mwanangu amefundishwa uongo, Afande. Sina kinyongo naye. Akirudi nyumbani nitamfundisha upya."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima Januarius usingizi, kabla kitu kingine hakijaanza kumnyima.

Kilianza jioni iliyofuata. Elina alikuwa akisonga ugali. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akatoka nje pole pole, akamkuta mumewe akiziba pancha ya baiskeli.

"Baba Masalu," alinong'ona, "kuna mtu jikoni?"

"Nani?"

"Sijui. Kuna mtu amevuta pumzi nyuma yangu. Kama mtu anayetaka kuita. Nikageuka. Hakuna mtu. Na hakuita."

Januarius aliingia, akatazama nyuma ya mlango, nyuma ya magunia ya mkaa, akawa tayari kusema "upepo", neno alilowaambia watu wengi katika kazi yake. Ndipo akasikia mwenyewe. Ilivutwa karibu na sikio lake la kushoto, pumzi ya mwanamke, ya haraka, iliyojaa, ile ambayo mtu huivuta kabla ya kupiga kelele kwa nguvu zake zote. Alisubiri kelele. Haikuja. Wala pumzi haikutolewa. Ilibaki pale hewani, imejaa, inangoja, na jiko zima likanuka maziwa yaliyoungua.

Jioni ya pili ilivutwa kwa muda mrefu zaidi. Jioni ya tatu Elina alipika nje, uani, kwenye jiko la mkaa, na ikamfuata huko, na mkaa uliokuwa umekolea moto ukafifia wote kwa pamoja, kana kwamba hewa imeondolewa juu yake.

*

Ijumaa Januarius alirudi kijijini peke yake, kwa lori tupu lililokuwa likienda kuchukua pamba, kwani gari la polisi lilikuwa halina mafuta. Alifika jua likianza kuteremka, akastaajabu. Watu walikuwa wamekwisha kula. Moto ulikuwa umezimwa katika kila jiko. Kila nyumba yenye radio ilikuwa imeifungulia mpaka mwisho, na katika zisizo na radio watoto walikuwa wameamriwa kuimba nyimbo za shule.

Milembe alikuwa zizini, amekaa tu, kibuyu cha kukamulia kiko miguuni pake, kitupu.

"Mwadila, mayu," Januarius alimwamkia, akimwita mama.

"Mwadila." Alimtazama usoni, akashusha sauti. "Kwako pia linakuja?"

Januarius alikaa juu ya jiwe. Alikuwa amechoka mno hata kujifanya hajaelewa. "Linakuja."

"Kwetu tangu usiku ule. Maziwa hayachemshwi tena kijiji hiki. Yakianza kufuka tu, linavuta. Bundala anakaa na radio kifuani kama mtoto mchanga." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Tulifanywa wajinga, baba. Mayunga alipita kila nyumba siku chache kabla ya hapo. Akasema, mke wangu ameingiwa na jini la pwani. Linapiga mwano kwa sauti yake. Msiitike. Atakayeitika, litahamia kwake. Yule ni mtu wa mabati, ametembea mpaka Tanga, nani wa kumbishia?"

"Kwa hiyo aliposikika..."

"Tuliendelea kula." Milembe alitikisa kichwa. "Hapana. Hatukula. Tulishika matonge mkononi. Minza akapiga tena. Ndipo Kwandu akaja mbio, Bundala akamziba mdomo, tukafunga mlango. Mimi nilijua ni Minza, baba. Jini halijui jina langu la utotoni. Aliniita kwa jina hilo."

"Yaseme haya Jumatatu, mayu. Hayo tu. Vinginevyo mtoto anarudi kwa baba yake."

"Najua." Alitazama nyumbani, ambako radio ilikuwa ikipiga taarabu kwa sauti ya kukwaruza. "Lakini mume wangu ndiye anayewatoza wengine ng'ombe kwa kutoitika. Ndiye aliyemtenga Marcelo mwaka juzi kwa kosa hilo hilo. Nikisema tulisikia, tutakwenda kuishi wapi?"

Jua liligusa mashamba. Watoto waliimba kwa nguvu zaidi. Milembe aliinua kanga yake, akaziba masikio.

*

Elina ndiye aliyekwenda kwa mganga. Alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kwaya, na alisema kama Mungu hataki aende basi amfanyie mpango mwingine kabla ya Jumamosi asubuhi. Januarius alimfuata nyuma kwa baiskeli, bila sare.

Nyanjige, mfumu wa kike aliyetoka Shishiyu na kuolewa karibu na Dutwa, aliwapokea akiwa anapepeta mtama. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa.

"Polisi," alisema bila kugeuka. "Umekuja kunikamata au kutibiwa? Nijue kama nitoe kiti."

"Toa kiti, mayu," alisema Januarius.

Alimpa Elina kifaranga akitemee mate, akakipasua kwa ufundi, akakisoma kwa karibu sana, pua yake ikikaribia kugusa nyama. Kisha akaguna.

"Nani amewaambia hili ni jini la pwani?"

"Mume wa marehemu."

"Mume wa marehemu aendelee kununua pamba. Hili halijapanda basi lolote. Limezaliwa pale pale kijijini, wakunga ni majirani." Akainua uso. "Sikiliza, mwanangu. Mwano ni mzigo. Anayepiga anautua, anayeitika anaupokea. Mwano wa yule mwanamke haukupokewa na mtu, na wa mwisho haukutoka kabisa. Umekaa ndani ya pumzi, na pumzi haina mwili. Kitu cha namna hiyo hakikai tupu, kinaingiwa. Sasa kinazunguka kwa kila aliyesema hakusikia, kinamuuliza tena."

"Mimi nilikuwa Bariadi," alisema Januarius. "Nisingeweza kusikia."

"Lakini ulisema kwa niaba ya wote kwamba hawakusikia. Tena najua ninyi watu wa serikali, mkisema mnatia sahihi."

Elina alimtazama mumewe. 

"Dawa yake?" aliuliza Januarius.

"Sina. Ningekuwa nayo ningekuuzia." Alirudia mtama wake. "Kiitwe pale kilipozaliwa, kimalize pumzi yake, na waliosikia waitike. Wakiitika kinawaacha. Asiyeitika kitabaki naye, maana hakitakuwa na pengine pa kwenda. Na wewe ujibu kwanza, kwa kuwa wewe ndiwe unayekipeleka."

*

Jumapili alasiri Januarius na Constantine waliingia jikoni mwa Minza, wakaketi juu ya kinu kilicholazwa. Constantine alikuwa na rozari mkono mmoja na karatasi za maelezo mkono mwingine.

"Nikifa, Afande, mwambieni mama yangu nilikufa nikipambana na majambazi."

"Atauliza majambazi wangapi."

"Sema wengi."

Jua lilishuka. Nje, radio moja baada ya nyingine zilifunguliwa, na watoto wakaanza kuimba. Harufu ilitangulia, ile ya maziwa yaliyoshika chini, ikajaa jikoni ingawa mafiga yalikuwa baridi tangu siku ya mauaji. Kisha pumzi ikaanza kuvutwa, na safari hii haikuwa nyuma ya sikio bali pale chini ambapo Minza alikutwa, ikavutwa pole pole, ikaendelea kuvutwa, ikapita pale ambapo kifua cha mtu yeyote kingekuwa kimejaa, ikazidi, mpaka majivu ya mafigani yakaanza kutambaa sakafuni kuelekea kwake, na karatasi za Constantine zikapepea na kuinama upande ule ule, na Januarius akahisi hewa ya kinywani mwake mwenyewe ikichukuliwa, ikienda kule, na zile radio za nje zikaanza kufifia kana kwamba sauti zake nazo zinavutwa kupitia mlangoni, moja, nyingine, nyingine, na watoto wakanyamaza katikati ya ubeti, na kijiji chote kikawa hakina sauti yoyote isipokuwa ile pumzi.

"Minza," alisema Januarius kwa hewa kidogo iliyombakia. "Nimekusikia. Niliandika kwamba hakuna aliyesikia. Niliandika uongo."

Ndipo mwano ukatoka.

Baadaye Constantine aliulizwa mara nyingi ulikuwaje, naye, mtu wa maneno mengi, hakuwahi kusema. Mabati ya nyumba ya Mayunga yalilia. Mbwa walilala chini. Ulipita juu ya ua wa minyaa, ukapiga nyumba ya Bundala, ukapiga ya pili, ukapiga ya tatu, na haukuishia huko, na mwishoni kabisa uliita jina, la kitoto, ambalo wanaume wale wawili hawakulijua.

Kimya. Hakuna mlango uliofunguka. Januarius alisikia majivu yakianza tena kutambaa, na safari hii alijua hakutakuwa na hewa ya kutosha jikoni mle.

Kisha kwa Bundala kukatokea purukushani. "Niache!" ilikuwa sauti ya Milembe. "Kaa, mwanamke, litakuua!" "Na liniue! Niache!" Kanga ilichanika. Alitokea langoni kwa Bundala akiwa na gauni la ndani tu, mwanamke mtu mzima, mwiko wa ugali mkononi badala ya rungu, akikimbia, na huku akikimbia alifungua kinywa, akaupokea mwano ule na kuusukuma mbele kwa sauti yake iliyopasuka:

"Nimesikia! Minza, nimesikia! Nakuja! Nimechelewa, nakuja!"

Mlango mwingine ukafunguka, na mwingine. Vijana kwa marungu, wazee kwa fimbo, kina mama na watoto migongoni, wakilia yowe moja, walikuja kutoka pande zote mpaka uwanja ukajaa. Wa mwisho alikuwa Bundala. Kipande cha kanga kilikuwa bado kimeshikwa na ule mkono wake uliokakamaa, na mkuki katika mwingine. Alisimama mbele ya mlango wa jiko, akautupa mkuki chini.

"Andika," alimwambia Constantine. "Mimi ni kamanda. Nilisikia. Mtoto alikuja kwangu, nikamziba mdomo kwa mkono huu. Andika mkono gani."

Jikoni pumzi ilitolewa. Ilitoka ndefu, ya kawaida, kama ya mtu aliyetua mtungi. Harufu ikaondoka nayo.

Waliandika maelezo kwa mwanga wa kandili mpaka mafuta yakaisha, kisha kwa tochi ya kijana mmoja. Mtu mmoja aliuliza nani sasa atamtoza nani ng'ombe, ikiwa kila mmoja ana hatia, na kama watatengwa wote itakuwaje.

"Mkitengana wote," alisema Constantine, sauti yake ikianza kurudi, "mtasalimiana na nani? Ng'ombe?"

Hakuna aliyecheka, ila Milembe alimpa uji.

*

Jumatatu Mayunga hakuachiwa. Kesi yake ilipangwa kwenda Mahakama Kuu, na yeye akaamriwa kupelekwa gereza la Shinyanga kungoja. Mama mzazi wa Minza alikuja kutoka Mwandoya, akamchukua Kwandu. Kabla ya kuondoka mtoto alimsalimia Januarius kwa kupiga goti, akauliza kama baba atajua njia ya Mwandoya. Januarius alimwambia kwamba mlango wa baba yake unafunguliwa kwa nje. Mtoto aliifikiria habari hiyo, akaridhika, akapanda juu ya mizigo ya bibi yake.

Januarius alitamani kulala. Lakini askari wa zamu alikuja kumwita.

"Afande, mahabusu wanaomba kuhamishwa. Wote. Wanasema huyu mtu wako ananuka maziwa."

Alimkuta Mayunga amejikunja pembeni, viganja vimebana masikio. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu, na midomo yake ilikuwa wazi, ikitafuta hewa kama samaki.

"Afande, mwambie apumue. Nakuomba. Mwambie aitoe."

"Hanisikilizi mimi tena," alisema Januarius. Aliketi kwenye benchi nje ya nondo, kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma. "Itika. Sema ulimsikia. Litakuacha kama lilivyowaacha wengine."

"Nikisema nilimsikia, nilikuwapo."

"Ndiyo."

"Nikiwapo, nitanyongwa."

"Hilo si langu kuamua."

Mayunga alikuwa mtu wa biashara, alipima. Januarius alimngoja kwa saburi ile ile aliyowangojea wengi, na kwa kweli alitaka aitike, kwa ajili ya mtu yule mwenyewe, kwani yeye alikwisha kuisikia pumzi ile ikikaribia mwisho wake.

"Nilikuwa senta," alisema Mayunga. "Sikusikia kitu."

Asubuhi gari la magereza lilikuja. Mahabusu walipandishwa nyuma wakiwa na pingu, na mara walipokaa, wote walibanana upande wa kushoto, bega juu ya bega, mmoja amekalia mapaja ya mwenzake, askari akiwafokea wajipange na wao wakikataa hata kwa kitako cha bunduki. Benchi lote la kulia aliachiwa Mayunga peke yake. Aliketi mwishoni kabisa, akiwa amejibana kwenye ubao, mtu aliyebanwa ingawa ana nafasi.

Dereva aliwasha. Januarius na Constantine walisimama barazani pa kituo wakalitazama gari likiingia barabara ya Maswa, polepole, katika vumbi. Lilikuwa limeinama. Lilikuwa limeinama sana, kulia.

"Springi," alisema Constantine.

"Springi," alisema Januarius.

Wakaingia ndani, wakafunga mlango.